Binti wa Wakimbizi Aliyeililia Rongai

Mzungu wa Rongai, kule tulikokulia sisi, alijulikana kwa shamba lake. Walter Zweig hakuwa na shamba. Alikuwa wakili wa Leobschütz, mji mdogo wa Silesia ya Juu, Ujerumani, na mwaka 1938 akajikuta akisimamia shamba la mtu mwingine huko Rongai, katika Bonde la Ufa, kazi asiyoijua hata chembe. Alikimbia kwa sababu alizaliwa Myahudi.

Wanazi waliposhika serikali mwaka 1933, walianza kuwaondoa mawakili na mahakimu Wayahudi kazini. Mwaka 1935 wakawanyang'anya Wayahudi wote haki za uraia. Lakini ukimbilie wapi? Julai 1938 wajumbe wa nchi 32 walikutana Évian, Ufaransa, kuzungumzia wakimbizi hao, na karibu kila nchi ikatoa udhuru. Walter alikuwa tayari ametangulia Kenya. Mkewe na binti yao Stefanie, mtoto wa miaka mitano, wakamfuata.

Vita vilipoanza Septemba 1939, serikali ya kikoloni iliwakamata wanaume wa Kijerumani, Wayahudi wakiwemo. Kila ninapolikumbuka hili roho huniuma: mtu amemkimbia Hitler, kisha anafungiwa kambini kwa kuhesabiwa mtu wa Hitler! Baadaye waliachiliwa, na Walter akajiunga na jeshi la Uingereza.

Jamaa waliobaki Ulaya waliweza kutuma ujumbe kupitia Msalaba Mwekundu, maneno yasiyozidi 25. Maneno 25 ya kumuaga mwanao! Kati ya jamaa hao wa Stefanie wapo waliouawa.

Haya yote tunayajua kwa sababu Stefanie aliyaandika. Riwaya yake, Nirgendwo in Afrika, ilitoka mwaka 1995, na filamu iliyotengenezwa na Caroline Link kutokana nayo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2003. Humo utamkuta Owuor, mpishi Mjaluo, ambaye ndiye hasa anayemlea msichana. Kiswahili Stefanie alikipata jikoni na mashambani, kati ya watu waliompenda. Shule ilikuwa jambo jingine: bweni la Waingereza, Nakuru, ambako mtoto wa mkimbizi asiye na kitu hakuachwa aisahau hali yake.

Mwaka 1947 baba yake alipata kazi ya uhakimu Frankfurt, familia ikarudi. Stefanie alikuwa na miaka 14. Mji ulikuwa magofu, chakula kwa mgao, na ilimbidi ajifunze upya kuandika Kijerumani. Wazazi walikuwa wamelia miaka tisa kwa ajili ya Ujerumani; sasa ilikuwa zamu ya binti kuililia Kenya. Akawa mwandishi wa gazeti huko huko Frankfurt, akafariki mwaka 2014.

Wapo wanaomlaumu Walter: vipi mtu arudi kwa waliomuulia jamaa zake? Mimi simlaumu. Hata Leobschütz hakuweza kuirudia, kwani mwaka 1945 iliingia mikononi mwa Poland, ikaitwa Głubczyce, na Wajerumani wake wakafukuzwa. Mji wake haukuwepo tena. Kilichobaki kilikuwa lugha yake na sheria aliyoisomea. Alifukuzwa mahakamani kwa sababu ya asili yake, naye akataka kuketi tena katika mahakama ya nchi ile ile, safari hii akiwa hakimu. Na akaketi.