Unafufua pikipiki kuukuu? Chunga mapafu yako kwanza

HUENDA umewahi kuiona ikikupita barabarani Jumapili asubuhi: pikipiki nyembamba yenye tangi refu, kiti kifupi chenye kinundu nyuma, na usukani ulioshushwa chini mno hata mwendeshaji anainama kama mtu aliyeangusha sarafu. Ikiwa ulisimama ukaitazama hadi ikapotea, na sasa unawaza kutafuta kuukuu moja uitengeneze hivyo nyumbani, basi makala haya ni yako.

Pikipiki za aina hiyo huitwa 'cafe racer' na kwao ni Uingereza. Katika miaka ya 1950 na 1960 vijana wa London walikuwa wakikutana katika mikahawa ya kando ya barabara kuu. Uliovuma zaidi ni Ace Cafe, kwenye barabara ya North Circular. Mkahawa huo ulifunguliwa mwaka wa 1938, ukapigwa bomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ukajengwa upya mwaka wa 1949, ukafungwa mwaka wa 1969 na kufunguliwa tena mwaka wa 2001.

Vijana hao walinunua pikipiki za kawaida za Triumph, Norton au BSA, wakang'oa kila kitu kisichosaidia mbio. Shabaha yao ilikuwa maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Waliobobea walitoa injini ya Triumph wakaitia katika fremu ya Norton, na mchanganyiko huo ukaitwa Triton. Kofia ngumu ilikuwa hiari ya mtu. Sheria ya kuwalazimisha kuivaa ilianza Uingereza mwaka wa 1973.

Tangu hapo wengi wamegeukia pikipiki za Kijapani za miaka ya 1970, kwa mfano Honda CB750, iliyotoka mwaka wa 1969 ikiwa na breki ya diski mbele. Ni burudani nzuri, sikatai. Mtu anayeshinda ofisini akitazama kompyuta hupata nafuu kubwa ya akili anapokaa chini na spana, akifungua kabureta moja polepole, bila simu kulia.

Ila watu wengi hudhani hatari ya pikipiki huanza inapoingia barabarani. Kwa anayefufua kuukuu, hatari huanza siku anapofungua gurudumu la kwanza.

Ndani ya breki za zamani, zile za duara zilizofunikwa, kuna vipande viwili vinavyotanuka na kusugua gurudumu ili lisimame. Kwa miaka mingi vipande hivyo vilitengenezwa kwa asbesto, kwa sababu asbesto haishindwi na joto. Ukifungua breki iliyotumika utakuta vumbi jeusi limejaa. Fundi mwenye haraka hulipuliza kwa mdomo au kwa mashine ya upepo, kisha analivuta puani.

Nyuzi za asbesto ni ndogo mno, huwezi kuziona. Zikishaingia mapafuni hazitoki. Zinaweza kuleta saratani ya mapafu, au ile ya ngozi nyembamba inayoyafunika, na ugonjwa huchukua miaka 20, 30 au hata zaidi kujitokeza. Kijana anayevuta vumbi hilo akiwa na umri wa miaka 25 hatakohoa kesho. Ndiyo maana wengi hawaamini.

Si kila breki kuukuu ina asbesto, lakini kwa macho huwezi kutofautisha. Kwa hivyo zichukulie zote kuwa nayo. Usipulize, usipanguse kwa brashi kavu, wala usisugue vipande hivyo kwa msasa ili vishike vizuri. Lowesha vumbi lote kwa maji ya sabuni, lipanguse kwa kitambaa kibichi, kisha tia kitambaa hicho katika mfuko wa plastiki na ukifunge. Kitambaa ulichofunga usoni hakizuii nyuzi hizo. Tafuta barakoa ya kuzuia vumbi jembamba, inayokaza vyema puani na kidevuni.

Rangi ya zamani nayo ina balaa lake. Rangi nyingi za miaka hiyo zilichanganywa na madini ya risasi, na tangi ndilo jambo la kwanza ambalo kila anayeanza hutaka kulikwangua. Ukisugua kwa msasa mkavu sebuleni au kwenye roshani, vumbi la risasi linatua sakafuni, na mtoto anayetambaa ndiye atakayelila. Risasi huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Tumia msasa wa maji, fanyia kazi nje, na nguo za gereji zisifuliwe pamoja na za watoto. Hili nimeliona likipuuzwa na watu wasomi kabisa.

Sasa petroli. Mimi mwenyewe niliwahi kufyonza petroli kwa mpira, kama nilivyowaona wengine wakifanya, nikaishia kukohoa usiku kucha. Nilikuwa na bahati. Petroli ikiteremka mapafuni badala ya tumboni huleta nimonia mbaya, na matone machache yanatosha. Aliyeimeza asitapishwe wala asipewe maziwa ili atapike. Apelekwe hospitalini mara moja. Pampu ya mkono ya plastiki ni bei nafuu. Vilevile acha desturi ya kunawa mikono kwa petroli. Huondoa grisi, ndiyo, lakini huondoa pia mafuta ya ngozi, nayo ina benzini, kemikali inayojulikana kuleta saratani ya damu. Paka mafuta ya kupikia mikononi, yasugue, kisha nawa kwa sabuni.

Tangi likiwa na kutu ndani, lijaze siki uliache siku moja au mbili, kisha ulisuuze na kulikausha. Likiwa limetoboka, usimpelekee fundi wa kuchomelea likinuka petroli. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana kinacholipuka ni mvuke uliobaki ndani. Mpe fundi anayejua kulisafisha na kulitoa mvuke kwanza, na ukimwona ameridhika kulitikisa tu, lichukue uende kwingine.

Na kuna jambo ambalo hata mafundi wa jua kali wenye uzoefu hawalijui. Baadhi ya dawa za mkebe za kusafishia breki zina klorini. Ukiipuliza kwenye chuma kisha ukachomelea chuma hicho kikiwa bado kibichi, hutokea fosijeni, gesi iliyotumiwa kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliyeivuta anaweza kujisikia salama kwa saa kadhaa kabla ya mapafu kujaa maji. Chuma cha kuchomelewa kisafishwe kwa sabuni na maji, kisha kikaushwe kabisa.

Ukimaliza hayo utafika kwenye mwili wako. Usukani mfupi wa cafe racer, ule unaofungwa chini kwenye nguzo za mbele, huhamishia uzito wa kifua kwenye viganja. Baada ya nusu saa ya msongamano wa jioni, vidole viwili vya mwisho vinaanza kufa ganzi, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaopita upande huo wa kiganja umebanwa. Shingo nayo hupinda kutazama mbele. Kabla ya kukata chochote, kalia pikipiki ikiwa imesimama imara, inama utakavyoinama, kisha achia mikono. Usipoweza kujishikilia kwa tumbo na magoti, usukani ni wa chini mno kwako. Mwenye maumivu ya mgongo au goti aanze na usukani ulionyooka, na asisogeze vikanyagio nyuma sana. Na ukiona vidole vinageuka vyeupe kwa baridi baada ya kuendesha, mtikisiko wa injini umeanza kudhuru mishipa ya damu. Mwone daktari mapema.

Katika kununua, chukua pikipiki iliyo kamili, yenye karatasi zake, na ambayo injini yake inazunguka. Pesa za kwanza ziende kwenye breki, matairi na mipira ya mafuta, si kwenye kiti na rangi. Tairi lina nambari nne ubavuni: 2319 maana yake lilitengenezwa juma la 23 la mwaka wa 2019. Likiwa na tarakimu tatu tu, ni la kabla ya mwaka 2000, litupe hata kama vijino vyake vingali virefu. Kabla ya kubadilisha injini au fremu, waulize NTSA na kampuni yako ya bima.

Kofia ngumu usiinunue kwa kuwa inafanana na za vijana wa Ace Cafe. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka wa 2008 ulionyesha kuwa kofia hupunguza vifo vya waendeshaji kwa asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Hiyo ni kofia halisi iliyofungwa kidevuni.

Siku ya kuwasha injini kwa mara ya kwanza, isukume pikipiki hadi nje. Moshi wake una kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na katika gereji iliyofungwa utaumwa kichwa, utasikia kizunguzungu, kisha utaanguka kabla hujaelewa kinachoendelea. Mwite mtu asimame nawe, weka mtungi wa kuzimia moto karibu, na ujaribu breki zote mbili ukiisukuma kwa mkono kabla ya kutia gia.