Kigango cha Wagiriama na Amri ya Kwanza

Mchungaji aliyelelewa Daa, au kwingineko Karatu, akikiona kigango cha pwani ya Kenya kwa mara ya kwanza, upesi huitaja amri ya kwanza. Si ajabu. Wazee wa Kiiraqw walipoomba mvua na amani, waliomba kwa slufay, yaani maneno ya mmoja yanayoitikiwa na wengi. Hawakuhitaji mti uliochongwa. Hata hivyo, yafaa tujue kwanza kigango ni nini.

Ni mti mgumu uliochongwa bapa, wenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichonakshiwa pembetatu ndogo ndogo. Wagiriama humsimamishia marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu. Marehemu wengine huwekewa kigingi kidogo kiitwacho koma. Mara nyingi marehemu huwatokea jamaa zake ndotoni, akilalamika kwamba amesahauliwa, au ugonjwa nyumbani huhesabiwa kuwa dalili yake. Ndipo fundi huitwa, na tembo la mnazi humiminwa chini. Hakuna anayekiita kigango Mulungu. Ni marehemu mwenyewe kati ya watu wake, na kwa sababu hiyo haking'olewi, hata jamaa wakihama.

Lakini vinang'olewa! Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee Kalume Mwakiru kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vyote viwili viliibwa, vikaonekana katika makumbusho mawili ya Marekani, huko Illinois na Hampton. Kile cha Illinois kilirudishwa kwa jamaa mwaka 2007. Walionunua waliviita sanaa. Wenyewe walikuwa wamepotewa na ndugu.

Mwaka 1522 Luther alirudi Wittenberg kutoka Wartburg, akahubiri dhidi ya waliovunja sanamu makanisani kwa nguvu. Alifundisha kwamba Neno lihubiriwe kwanza, mioyo iachilie, na mikono isitangulie. Nadhani sisi tumetanguliza mikono mara nyingi mno, na tukamwacha Mkristo na hofu yake ya marehemu aliyesahauliwa pasipo jibu.

Mgiriama aliyebatizwa, mwenye vigango vya baba zake uani, akimwuliza mchungaji afanye nini, ningemshauri hivi: asivimiminie tembo, asivichome, wala asimwuzie mtu. Aviache vilipo, mchwa wafanye kazi yao, na mchungaji akae naye usiku ule ndoto itakapomjia.