Chujio la Maji na Wakati wa Kulibadili

Karibu na Manda, katika wilaya ya Ludewa, mto Ruhuhu huingia katika Ziwa Nyasa. Wakati wa kiangazi maji yake huwa maangavu kiasi. Lakini masika yajapo, mto hushuka na udongo mwingi kutoka milimani, na mtungi ujazwao hapo huwa na rangi ya uji wa ulezi. Maji ya namna hii hayafai kunywewa kabla ya kuchujwa.

Chujio la nyumbani si kitu cha gharama. Vyungu vitatu vyatosha, navyo si vigumu kupata, maana Wakisi wakaao kando ya ziwa hilo ni wafinyanzi mashuhuri. Hupangwa juu ya kichanja, kimoja juu ya kingine. Cha juu hutiwa kokoto kidogo na mchanga mwingi uliooshwa. Cha pili hutiwa mkaa uliopondwa, punje zake kama za mahindi. Vyote viwili vina tundu dogo chini, lililozibwa kwa kitambaa safi kipitishacho maji polepole. Cha tatu hupokea maji, nacho hufunikwa.

Watu wengi hutengeneza chujio vizuri, kisha hulisahau. Tena wakikumbuka, huweza kukosea, kwa kuwa mchanga na mkaa havichoki namna moja.

Mchanga hujitangaza. Udongo huziba juu yake, na maji yaliyokuwa yakidondoka sawasawa huanza kudondoka kwa uvivu. Asiyejua hudhani chujio limeharibika, akamwaga mchanga wote. Kumbe juu ya mchanga pana utando mwembamba wenye utelezi, na ndani yake mna viumbe vidogo mno vilavyo vijidudu vya magonjwa. Akiutupa wote, ametupa walinzi wake. Yafaa kukwangua sehemu ya juu tu, kadiri ya unene wa kidole, na kutia mchanga mwingine uliooshwa. Wala usiachwe ukauke, maana utando hufa. Maji ya siku za kwanza baada ya kukwangua yasitumainiwe sana.

Nguvu ya mchanga ilionekana dhahiri huko Ujerumani mwaka 1892. Watu wa Hamburg walikunywa maji ya mto Elbe yasiyochujwa, na kipindupindu kikawaua zaidi ya 8,000. Mji wa jirani, Altona, ulichota maji katika mto ule ule, tena chini ya Hamburg ambapo uchafu ulikuwa umezidi. Lakini maji yake yalipitishwa katika mchanga, na watu wake wengi wakaokoka. Hata hivyo mapema mwaka 1893 ugonjwa uliingia Altona pia. Daktari Robert Koch alipochunguza, aliona kuwa chujio moja liliharibiwa na barafu wakati wa kusafishwa.

Mkaa ni msiri zaidi. Kila punje ina vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, navyo hunasa harufu na rangi ya maji. Vitundu vikijaa, mkaa haunasi kitu tena, bali huwa makao ya vijidudu. Na maji huendelea kutoka maangavu kama jana. Kuuosha hakusaidii, kwa kuwa kilichonaswa ndani hakitoki kwa maji. Basi mkaa usingojewe utoe dalili. Desturi iliyo rahisi ni kuubadili kila mwezi uandamapo, na wakati wa masika mapema zaidi. Mkaa mpya huoshwa kwanza mpaka maji yake yasiwe meusi.

Maji yaliyochujwa bado huchemshwa, maana vijidudu vingine hupenya. Na mkaa uliotolewa hautupwi: huanikwa juani hata ukauke kabisa, kisha huwashwa chini ya sufuria ya maji hayo hayo.