"Ndiyo Mzee" yatukuta ukumbini Leicester

Jumamosi moja tulialikwa na vijana wa hapa Leicester, Uingereza, kwenda kujirusha katika ukumbi mmoja wa muziki. Umri wetu si wa kukesha tena, lakini baada ya wiki nzima ya kubeba maboksi, nani anakataa? Tulijua tutakachokikuta: Wanaijeria hadi usiku wa manane, kisha amapiano ya Afrika Kusini, na kwa sisi wa Bongo, tukibahatika, wimbo mmoja wa mapenzi wa Diamond Platnumz. Rap ya nyumbani hatukuitarajia.

Saa nane usiku DJ, Mkongomani aliyekulia Kigoma, akageuza upepo. Ikaanza "Ndiyo Mzee" ya Professor Jay. Sisi wa rika letu, tuliokuwa tumejibanza ukutani na makoti mikononi, tukajikuta katikati ya ukumbi bila kuitwa na mtu.

Kwa wasioukumbuka, wimbo huo umo katika albamu ya Machozi, Jasho na Damu ya mwaka 2001, Jay alipokuwa tayari amejipatia jina na kundi la Hard Blasters. Mwanasiasa anamwaga ahadi zisizotekelezeka, na wananchi wanaitikia kila moja. Ni kichekesho chenye msumari ndani. Wakati ule ndiyo kwanza tulikuwa tunajifunza uandishi wa habari Dar es Salaam, tukifundishwa kunukuu hotuba za wakubwa kama zilivyotolewa. Kwenye daladala, konda na abiria waliitikia pamoja huku wakicheka, na sisi tulijifunza pale kuliko darasani. Miaka baadaye tuliandika tulichokatazwa kuandika. Ndiyo maana tuko huku, na hatujarudi.

Kijana mmoja, mzaliwa wa hapahapa, alikuwa akiitikia kwa nguvu kutushinda. Wimbo ulipoisha akatuuliza: "Anko, kwani huyo mzee ni nani?"

Tulitoka naye nje kwenye baridi. Tukamwambia mzee ni yeyote mwenye kipaza sauti na shida ya kura. Tukamwambia pia kwamba mwaka 2015 Jay mwenyewe alipanda jukwaani kuomba kura, akawa mbunge wa Mikumi kupitia Chadema hadi 2020.

"Kwa hiyo naye aliitikiwa?" akacheka.

Naye aliitikiwa, tukamjibu, tukacheka wote.

Kisha tukamweleza kuwa Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", na akaachiwa baada ya Rais Magufuli kusema anaupenda. Aprili mwaka huohuo Roma Mkatoliki na wenzake walichukuliwa studio na watu wasiojulikana, wakaonekana siku kadhaa baadaye. Hapo hakucheka. Aliuliza kama ndiyo sababu hata sisi hatuendi nyumbani kwenye misiba. Tukamwambia ndiyo.

Wenzetu mlioko ughaibuni, watoto wenu wanazicheza nyimbo hizi kila wikiendi, na mdundo wanaujua vizuri. Maana yake DJ hatawafundisha. Tusipowaambia sisi huyo mzee ni nani, watabaki wakiitikia tu, kama wale wananchi wa kwenye wimbo.