Sikukuu isile mtaji: hesabu ya Desemba kwa mfanyabiashara wa mpakani

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

Wafanyabiashara wengi wa mipakani hawaishi Kiriri, lakini milango yake wanaifahamu. Mtaa huu uko mlimani, mashariki ya katikati ya jiji la Bujumbura. Siku isiyo na ukungu, mtu akisimama karibu na kampasi ya Chuo Kikuu cha Burundi, ile iliyokuwa Collège du Saint-Esprit, analiona ziwa Tanganyika chini yake na milima ya Uvira ng'ambo ya pili. Nyumba za huko ni kubwa na wengi wa wakazi ni watu wa mshahara. Ndiyo maana mchele uliovuka Kobero, mawese ya Rumonge, ndagala na vitenge vilivyopitia Kigoma hupandishwa mlima huo, na ndiyo maana Desemba ikikaribia daftari la madeni la muuzaji hujaa majina ya huko.

Kwa nyumba ya Kiriri, mwezi wa Noeli na Bonane ni mwezi wa kutoa. Kuna nguo za watoto, safari ya kwenda mkoani kuwaona wazazi, kreti za vinywaji, michango ya harusi na ubatizo, na kitu kidogo kwa wafanyakazi wa nyumbani ili nao wasifike kwao mikono mitupu. Nyumbani kwa muuzaji orodha ni hiyo hiyo, imepunguzwa tu. Tofauti kubwa iko kwingine. Mwenye mshahara akimaliza fedha zake tarehe 26, atabana matumizi mpaka mwisho wa Januari, kisha mshahara utaingia kama kawaida. Mfanyabiashara akimaliza zake, kilichokwisha ni chombo chake cha kazi.

Tuchukue mfano. Mama anayefuata mchele Kabanga, ng'ambo ya Kobero, ana mtaji wa faranga 2,000,000. Kila wiki mali ikiisha inamwachia faida ya 100,000, yaani asilimia 5, na faida hiyo yote inakwenda kwenye chakula, kodi ya nyumba na shule. Tarehe 20 Desemba anachota 600,000 kwa ajili ya sikukuu, akijiambia atazirudisha Januari biashara ikichanganya.

Januari anaanza na 1,400,000. Mzunguko uleule, kwa faida ileile, sasa unampa 70,000. Nyumba bado inakula 100,000. Zile 30,000 zinazopungua atazitoa wapi? Kwenye mtaji tena. Wiki ya pili anaingia sokoni na 1,370,000, wiki ya tatu na 1,338,500, na kila wiki pengo linapanuka kidogo. Baada ya wiki 12, kabla ya Pasaka, mtaji umebaki kama 922,000. Sikukuu aliyodhani imemgharimu laki sita imemla zaidi ya milioni moja, na hakuna siku hata moja aliyofanya jambo la kijinga. Alikula chakula cha kawaida na kulipa kodi yake.

Mfano huu tena ni wa upole. Nauli ya kwenda mpakani haipungui kwa sababu mzigo umepungua, wala kulala gesti hakupungui. Mwenye magunia kumi na mwenye magunia sita hulipa karibu sawa kwa safari ileile, kwa hiyo faida ya mwenye magunia sita huliwa zaidi. Na petroli ikiadimika, jambo ambalo Burundi imelizoea kwa miaka kadhaa sasa, nauli za Desemba ndizo za kwanza kupanda.

Fedha hizo 600,000 zingepatikana bila kugusa mtaji? Kuanzia tarehe 1 Julai hadi katikati ya Desemba kuna wiki 24. Ni faranga 25,000 kwa wiki. Anayeanza Oktoba amebakiwa na wiki kumi, naye anahitaji 60,000 kwa wiki, kiasi ambacho kwa mtaji wa milioni mbili hakiwezekani bila watoto kulala njaa. Anayeanza Desemba hana cha kuweka, atakopa au atachota.

Madeni ya mlimani

Turudi kwenye lile daftari. Kukopesha nyumba za Kiriri si kosa. Wengi wamepata wateja wa kudumu kwa njia hiyo. Lakini bidhaa iliyokopeshwa Desemba ni mtaji uliotoka mfukoni wakati ambao muuzaji anauhitaji kuliko miezi mingine yote, kwa sababu ndio mwezi ambao mali inauzika haraka. Gunia lililolala kwenye deni la wiki tano lingeweza kuuzwa na kurudiwa mara kadhaa. Na mwenye nyumba akisafiri kwenda mkoani tarehe 22, ukipanda mlima tarehe 27 utamkuta zamu peke yake getini, naye hana fedha zako.

Ni afadhali kusema mapema, mwanzoni mwa Novemba, kwamba madeni yote yatafungwa tarehe fulani na kwamba mzigo wa sikukuu utauzwa kwa fedha taslimu au kwa malipo ya awali ya nusu. Mteja wa mshahara hushangaa kidogo kisha hukubali. Wapo wanaoogopa kumpoteza. Kwa maoni yangu, mteja anayekimbia kwa sababu ameombwa kulipa deni la Oktoba kabla ya Noeli alikuwa ameshakimbia siku nyingi.

Mpakani napo

Haraka ya Desemba huleta hasara nyingine, ile ya njia za panya. Mtu ana mzigo mdogo, foleni ni ndefu, sikukuu ni keshokutwa, anapita porini. Akikamatwa, mzigo wote umekwenda. Wakati huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa biashara ndogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa, na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hupewa cheti rahisi cha uasili mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Kodi na ada nyingine za ndani zinaweza kubaki, na hilo ni vizuri kuliuliza dirishani kabla ya kumlipa mtu yeyote anayejitolea "kusaidia". Burundi iliingia katika Jumuiya tarehe 1 Julai 2007, lakini bado wapo wanaolipa ushuru wa mchele uliolimwa Tanzania kana kwamba umetoka Asia.

Mpaka wenyewe pia si wa kutegemewa mwaka mzima. Ule wa Rwanda ulifungwa Januari 2024, na aliyezoea njia hiyo ilimbidi kutafuta nyingine kwa mtaji aliokuwa nao siku ile. Gatumba nayo, njia ya kwenda Uvira, hutegemea hali ya usalama ya upande wa pili. Aliyeumaliza mtaji wake kwenye sikukuu hana nauli ya kubadilisha njia.

Desemba ni mwezi wa bei mbaya

Kalenda ya shamba ya Burundi haikupangwa kwa kuangalia Noeli. Nchi ina misimu mitatu ya kilimo. Msimu B, unaopandwa Februari na Machi, huvunwa Juni na Julai, na ndio unaojaza maharage sokoni. Msimu A hupandwa Septemba na Oktoba, lakini mavuno yake hushika kasi Januari. Katikati, Oktoba hadi Desemba, akiba za vijijini zimepungua, mkulima mwenyewe anageuka mnunuzi, na bei hupanda. Kwa hiyo mezani pa Noeli tunakula chakula kilichonunuliwa mwishoni mwa miezi ya upungufu. (Waislamu wa Buyenzi wana nafuu kidogo kwa sasa: Idi ya Fitri hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na miaka hii inaangukia Machi, baada ya mavuno ya msimu A.)

Kwa familia yenye watu wengi, akiba ya kwanza kabisa si ya fedha. Ni gunia la maharage lililonunuliwa Julai, na mchele wa uwanda wa Imbo ulionunuliwa baada ya mavuno, vikawekwa kando na kuandikwa kuwa ni vya Desemba. Adui wa akiba hiyo ni fukusi. Maharage yaliyoachwa kwenye gunia la kawaida kwa miezi mitano yanaweza kugeuka unga na matundu. Mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa kufumwa nje, huwaua wadudu kwa kuwanyima hewa, bila dawa. Sharti ni mawili: maharage yawe makavu kwelikweli, na mfuko ufungwe kila tabaka peke yake, usifunguliwe kila wiki kuchota bakuli moja. Anayetaka kuchota anunue mwingine mdogo wa matumizi.

Vinywaji ni habari nyingine. Chupa za Brarudi hurudishwa, na asiye na chupa tupu hupata taabu kununua zilizojaa. Kreti mbili za chupa tupu zilizotunzwa uani tangu Agosti ni akiba, ingawa hazifanani nayo.

Fedha zikae wapi

Hapa ndipo wasomaji wetu wa upande wa Burundi wana swali gumu kuliko wenzao wa Kigoma au Nairobi. Mwezi Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi, BRB, ilishusha thamani ya faranga, na bei rasmi ya dola moja ikatoka karibu 2,100 hadi takriban 2,800. Mwezi mmoja baadaye, Juni 2023, benki hiyo ilitangaza kuziondoa noti za 5,000 na 10,000 za toleo la 2018 na kutoa siku kumi tu za kuzipeleka benki. Foleni zikajaa. Aliyekuwa safarini, au aliyeficha fedha kijijini kwa mama yake, alikuwa anahesabu siku. Tangu wakati huo dola katika soko la pembeni imewahi kuuzwa kwa zaidi ya maradufu ya bei rasmi, na kila mfanyabiashara anayenunua nje anaijua maana yake: faranga zilezile zilizotosha magunia kumi Julai hazitoshi kumi Desemba.

Wazee wa biashara wana kumbukumbu nyingine. Jumapili ya tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto. Mali iliungua, na fedha zilizowekwa ndani ya vibanda ziliungua pamoja nayo, huku mikopo ya benki ikibaki salama kwenye vitabu.

Kwa hiyo chini ya godoro hapafai, na kibandani hapafai. Ushirika wa akiba na mikopo, zile COOPEC za FENACOBU zilizoenea nchini, unalinda fedha dhidi ya moto, mwizi na noti kufutwa, ingawa hauzilindi dhidi ya bei kupanda. Lumicash na Ecocash zinafaa kupitishia fedha. Kuzitunzia akiba ya miezi sita sishauri, kwa sababu kilicho kwenye simu huombwa na kila anayejua namba yako. Anayenunua Tanzania mara kwa mara anaweza kupeleka akiba yake mbele kwa kumlipa mapema muuzaji anayemwamini, au kuigeuza mali inayodumu na isiyoshuka bei. Kununua fedha za kigeni mitaani ni kosa kisheria, na hasara yake ikitokea hakuna pa kulalamika.

Ikirimba na tarehe yake

Chombo kinachotumika kuliko vyote bado ni kikundi. Warundi husema ikirimba, ng'ambo ya ziwa Wakongo husema likelemba, Rwanda ni ikimina, Tanzania upatu, Kenya chama. Chini ya majina hayo kuna mambo mawili yanayochanganywa. La kwanza ni kupokezana: kila wiki au mwezi wote wanachanga, mmoja anachukua chote. La pili ni sanduku: wanachama wananunua hisa, wanakopeshana kwa riba ndogo, na mwisho wa mzunguko wanagawana. Mtindo huu wa pili ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukafika Burundi kwa jina la Nawe Nuze, yaani nawe njoo. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti ambao si mtunza sanduku.

Katika kupokezana, kila mtu hugombea zamu ya Desemba. Mimi naona anayeishinda amepewa fedha katika mwezi ambao zinanunua kidogo. Zamu ya Julai inanunua maharage ya bei ya mavuno na kuongeza magunia mawili kwenye mzunguko. Ila aliyepokea mapema ajue kwamba kuanzia siku hiyo ana deni: michango ya miezi iliyobaki lazima itoke, na hapo ndipo vikundi vingi huvunjika na majirani kutoongea.

Kwenye sanduku, kosa la kawaida ni kugawana katikati ya Desemba. Fedha zinapokelewa Ijumaa, soko limepanda, na Jumatatu hakuna aliyebaki na kitu. Kugawana mwanzoni mwa Novemba kunampa mwanachama wiki kadhaa za kununua nguo na viatu kabla ya msongamano, kulipa deni la mzigo, na kuingiza bidhaa za sikukuu dukani kwa fedha yake mwenyewe badala ya mkopo. Sanduku linalofunguliwa mapema Februari, likiwa na mzunguko wa miezi tisa, linaishia papo hapo mwanzoni mwa Novemba. Tarehe hiyo huwekwa katika mkutano wa kwanza, kabla hisa hata moja haijanunuliwa, na kuibadilisha mzunguko ukiwa katikati huhitaji kukubaliana upya na wote wenye mikopo ambayo haijarudi.