Tarehe za Mikopo katika Kompyuta

Mwanachama aliyepaswa kumaliza mkopo wake tarehe 05/11/2024, akalipa tarehe 28/10/2024, amelipa siku 8 kabla ya wakati, na stakabadhi yake ni ushahidi. Hata hivyo, kompyuta yaweza kumwandika kuwa amechelewa na kumtoza faini. Sababu ni namna tarehe hizo zilivyoandikwa na kulinganishwa.

Kompyuta ikipewa tarehe kama maandishi tu, huzilinganisha tarakimu moja moja kuanzia kushoto, kama maneno yapangwavyo katika kamusi. Katika mfano huo hukuta 2 ya 28 imeizidi 0 ya 05, ikahitimisha kwamba malipo yalikuja baada ya tarehe ya mwisho. Kosa hilo hilo humpa nafuu asiyestahili: aliyepaswa kulipa 28/10/2024 akalipa 05/11/2024 huonekana amewahi. Hivyo mwaminifu huonewa, na chama hupoteza haki yake.

Iwapo programu ya chama imeandikwa kwa lugha ya Perl, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1987, yampasa fundi kuzingatia haya:

1. Tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2024-10-28, kwa kufuata kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 8601. Mwezi na siku ziwe na tarakimu mbili daima. Ikiandikwa 2024-9-30, itahesabiwa kuwa baada ya 2024-10-05.

2. Tarehe za namna hiyo zilinganishwe kwa amri za lt na gt, ambazo hupima maandishi. Alama za < na > hupima namba. Zikikuta 2024-10-28 husoma 2024 tu, na tarehe zote za mwaka mmoja zikawa sawa.

3. Amri ya localtime huhesabu Januari kuwa 0 na Desemba kuwa 11, na huhesabu miaka tangu 1900, hata 2024 ikawa 124. Kwa hiyo mwezi uongezwe 1, na mwaka uongezwe 1900.

Katibu asiyejua Perl naye ana wajibu wake. Kabla ya kuipokea programu, aingize mikopo michache ya majaribio ambayo malipo yake yamevuka mwezi au mwaka, kisha alinganishe majibu na daftari la mikopo. Yakitofautiana, faini isitozwe mpaka programu irekebishwe. Stakabadhi iliyotiwa saini ndiyo iaminiwe.