Kalamu na Karatasi: Msaada kwa Mwenye Msongo wa Mawazo

Ni nadra mgonjwa anayekwenda kutibiwa Igamba, wilayani Mbozi, kusema kwamba ana msongo wa mawazo. Hueleza kuwa kichwa kinamuuma, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, au kwa kifupi, kwamba "ana mawazo". Nyuma ya maneno hayo huenda yupo mkulima wa kahawa mwenye deni la pembejeo anayengojea malipo ya msimu, au mama anayeuguza mtoto kwa muda mrefu. Makala haya yanaeleza msaada mmoja wa gharama ndogo kwa watu kama hao: kuchora.

Kinachotokea mwilini

Mtu anapohisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Mapigo ya moyo huongezeka na misuli hukaza. Hali hiyo humfaa anayekimbia nyoka. Ikidumu kwa majuma, humnyima mtu usingizi, utulivu na nguvu za kazi.

Kuchora huyashughulisha macho na mikono kwa jambo moja lililo karibu, hivyo hofu hupungukiwa nafasi. Mistari inayorudiwarudiwa husaidia pumzi kutulia. Aidha, aliyekosa maneno hupata njia ya kuuweka mzigo wake mbele ya macho yake.

Msaada huu si mgeni katika tiba. Mchoraji Mwingereza Adrian Hill aliutambua alipokuwa akiugua kifua kikuu sanatoriamu, na mwaka 1942 akaupa jina la tiba kwa sanaa. Mwaka 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watu wazima 39 waliofanya sanaa kwa dakika 45. Kotisoli ilipungua kwa takriban asilimia 75 yao, wenye uzoefu wa sanaa na wasio nao. Utafiti huo ulikuwa mdogo na haukuwa na kundi la kulinganisha. Kwa hiyo unatupa matumaini, si uthibitisho kamili.

Namna ya kuanza

1. Tenga dakika 20 mahali penye utulivu. Daftari la shule na kalamu vinatosha. Hata kijiti na ardhi tupu vinafaa.
2. Chora duara kubwa, kisha ulijaze taratibu kwa mistari, nukta au majani. Pumua polepole.
3. Ukipenda, chora jinsi wasiwasi wako unavyoonekana, kisha chora mahali unapojisikia salama.
4. Usijali uzuri wa mchoro. Unaweza kuuhifadhi, kumwonyesha unayemwamini, au kuuchana.

Asiyependa kalamu anaweza kufinyanga udongo, kusuka kikapu au kudarizi.

Kwa mtoa huduma

Mpime mgonjwa kwanza. Moyo kwenda mbio huweza kutokana na upungufu wa damu, homa au ugonjwa wa tezi ya shingo. Anapochora, usimsahihishe wala usibashiri maana ya mchoro wake: rangi nyeusi si utambuzi wa ugonjwa. Mwambie tu, "Nieleze kuhusu mchoro huu," kisha usikilize. Asiyetaka kueleza asilazimishwe, na mchoro wake utunzwe kwa siri kama taarifa nyingine za mgonjwa. Iwapo kuchora kunamrudishia kumbukumbu zinazomtesa, asitishe na apewe ushauri nasaha.

Mipaka yake

Kuchora hakuchukui nafasi ya dawa wala ushauri nasaha. Huzuni au wasiwasi ukidumu zaidi ya majuma mawili, au ukimzuia mtu kula, kulala au kufanya kazi, aende kituo cha tiba. Mwenye fikra za kujidhuru asiachwe peke yake. Apelekwe siku hiyohiyo. Hata kama hawezi kusema kilichompata, anaweza kwenda na mchoro wake mkononi, na mazungumzo yakaanzia hapo.